Mzigo wa Kupeleka Damodar

Jua lilipokuwa linazama, Salkhu Hembrom aliigeuza baiskeli yake kichwa chini uani, akaanza kurudisha pedali. Alikuwa amezing'oa zamani, kwa sababu baiskeli ya makaa ya mawe haipandwi. Inasukumwa usiku kucha, magunia yameijaa kila upande, na pedali hukuchubua miguu bure. Leo alitaka kupanda. Mto Damodar uko mbali, na baba yake alishasema hawezi kungoja zaidi.

Baba yake, mzee Bajal, alikuwa ameketi juu ya magunia, mweusi tii, akisimamia kazi. Alikufa mwanzoni mwa mvua, shimo la makaa lilipomwangukia akichimba. Ofisi ya mgodi, mgodi uleule uliokula mashamba yao, ililifukia siku hiyohiyo na kutangaza kuwa hapakuwa na mtu ndani, kwa hiyo hapakuwa na wa kufukuliwa. Mtu wa kabila lao la Wasantali akifa na kuchomwa moto, mwanawe huchukua kipande cha mfupa wa paji na cha mtulinga, akavipeleka mtoni ili marehemu apumzike. Salkhu hakuwa na mfupa hata mmoja. Basi mzee, ambaye hata enzi za uhai wake hakupenda kungojeshwa, akaja mwenyewe mzimamzima, akikohoa vumbi.

Maino, mke wa Salkhu, alifunga wali na pilipili mbichi kwenye kitambaa, akafungua, akafunga tena. Usiku mmoja bila kupeleka makaa mjini ni kesho bila mchele. Hakulisema hilo, maana mkwewe alikuwa anasikia. Salkhu naye hakutulia. Alilijaza upepo tairi lililokwisha kujaa, akakaza spoki, akailaumu pampu.

"Mnyororo umelegea," mzee alisema.

"Nimeuona, baba."

"Umeuona, halafu? Unangoja ukusalimie?"

Ulipokazwa, walimfunga mzee kwenye keria kwa vipande vya mpira wa tairi, kwa fundo la kufungia makaa, kwa kuwa hawakujua jingine. Alikuwa na uzito wa mtu. Maino aliwasindikiza mpaka penye kizuizi cha mgodi.

Mlinzi alikuwa Lukhi, kijana wa ukoo wao. Aliinama akamsalimia mzee kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kisha akamulika keria.

"Huyu katoka wapi, kaka?"

"Shimoni. Si unajua."

"Ofisi imesema shimoni hamkuwa na mtu. Kilichotoka mle ni makaa, na makaa ni ya mgodi. Nikikupitisha hivihivi, kazi sina."

Hasira ilimpanda Salkhu. Walibishana kwa sauti ya chini, Maino akimshika mumewe mkono. Mwishowe walimfungua mzee, Lukhi akampima kwenye mizani, akaandika stakabadhi: makaa, daraja la pili, ya matumizi ya nyumbani. Akaomba radhi. Bajal, aliyechimba tangu ujana wake, alimwambia basi angalau aandike daraja la kwanza. Lukhi akafuta, akaandika upya.

Walimfunga tena. Salkhu aliitia stakabadhi mfukoni, akapanda, lakini baiskeli ikayumba kwa uzito.

"Kanyaga, mwanangu," mzee alisema nyuma ya mgongo wake. "Makaa hayachoki. Mimi nimechoka."