Ijumaa za Hidaya

Eufrazia alizaliwa Hidaya, binti wa Kiislamu wa Morogoro mjini. Alipofika miaka ishirini na mbili alibatizwa, akaolewa na Laurenti, katekista wa Mgeta. Kwa miaka hamsini na tatu alilima kabeji na kuongoza rozari ya jumuiya.

Mwaka jana, Kwaresima, alianza kusahau. Kwanza sufuria motoni, halafu majina ya wajukuu, halafu mumewe. Asubuhi moja alijitanda khanga, akatawadha kwa maji ya ndoo.

"Shikamoo, mzee. Kibla kiko upande gani?"

"Marahaba," alisema Laurenti. Alifikiri kidogo, akamwonyesha upande wa shamba la jirani.

"Mama, wewe ni Mkatoliki," alisema binti yao, Kristina.

"Mimi ni Hidaya. Na usiniite mama, sijaolewa."

Kristina akampeleka kwa daktari mjini. Alipoulizwa huu ni mwaka gani, mama alisema elfu moja mia tisa sabini na moja. Alipoulizwa kama anajua kusali, alisoma Alhamdu yote bila kukwama. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huo wa kusahau hauponi, dawa zitampa nafuu kidogo tu.

"Na hili la dini?"

"Anachokikumbuka, mwacheni akifanye. Si mnaona kinamtuliza?"

Padre wao, alipoulizwa, alisema ubatizo haufutiki, kwa hiyo yeye hana haraka. Sheikh Abdulswamad, wa msikiti mdogo kule chini barabarani, alisema upande wa wanawake nafasi ipo.

Basi kila Ijumaa Laurenti alimsindikiza, akakaa kwenye benchi nje mpaka swala iishe. Waumini walimzoea, wakawa wanamletea kahawa. Jumapili alimwomba Hidaya naye amsindikize kanisani, na kwa kuwa alilelewa vizuri, alikubali. Aliimba nyimbo zote, beti zote, bila kitabu. Walipotoka alisema watu wale wanaimba vizuri.

Siku moja Kristina alimkuta baba yake amesimama katikati ya kabeji, analia. Alisema ni moshi. Hakukuwa na moto popote.

"Baba, si upumzike? Ijumaa nitampeleka mimi."

"Wewe hakujui," alisema Laurenti. "Mimi angalau ananiamkia."

Ijumaa iliyofuata walikuwa wanarudi, mvua imenyesha, udongo unateleza.

"Mzee, una mke?"

"Ninaye."

"Anakutunza?"

"Amenitunza sana."

"Mbona unahangaika na mimi?"

"Njia mbaya hii."

Walipanda mpaka kwenye kona ya mgomba.

"Ungekuwa huna mke," alisema Hidaya, "ningekupeleka kwa baba yangu. Ila ungesilimu kwanza. Baba ni mkali."

Laurenti alimfahamu baba huyo. Alikuwa amemzika mwenyewe.

"Nipe muda nifikirie," alisema.

"Fikiria tu, sina haraka," alisema Hidaya, akamshika mkono asije akaanguka.