Wifi Asiyeonja Kwanza

Evaresta alikuwa akichagua kahawa kwenye turubai, amelipa jua mgongo. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu na halikutaka mwanga, na buni mbivu na mbichi zilikuwa zikimchanganya. Ng'ambo ya turubai, wifi yake Laurensia, dada wa mumewe, alimtupia macho mara kwa mara. Evaresta hakupenda.

Alikuwa na neno moyoni tangu msiba wa jirani yao Kimuli. Siku ile Laurensia alimletea kibuyu cha rubisi bila kuonja kwanza. Huku anayekuletea pombe huonja mbele yako, uone kwamba haijatiwa kitu. Wiki haikuisha, jicho likaanza kuuma.

"Wifi, mbichi zote unanirushia huku," Laurensia alisema. "Unanifundisha kazi au unaniadhibu?"

"Ni jicho ulilonipa."

"Nililokupa?"

"Kwenye kibuyu. Mbona hukuonja?"

Laurensia aliacha kuchagua. "Nimeokoka tangu Pasaka. Rubisi siigusi hata kwa ulimi. Ndiyo maana unanikwepa?" Evaresta aliinamia buni. "Na tumbo? Bado unaharisha damu?"

"Nani kakwambia?"

"Choo chetu ni kimoja, wifi. Na nani alikupeleka hospitali mwaka jana? Daktari alisema utumbo wako una vidonda, na ugonjwa huo ukichachamaa unaweza kushika viungo, hata macho. Ulikuwa unalia, hukusikia. Kule kwa watu wa macho ulikokwenda, uliwaambia habari ya tumbo?"

Hakuwaambia. Aliona aibu, tena aliona tumbo haliwahusu. Wakampa matone ya macho mekundu ya kawaida, akarudi nayo nyumbani.

Laurensia alizunguka turubai, akamziba jicho zima kwa kiganja. "Vidole vingapi?"

Evaresta aliona ukungu tu. Juzi alikuwa bado anaona vidole.

"Hili si la kungoja, twende hospitali," Laurensia alisema, akampigia simu Akankwasa wa bodaboda.

Evaresta alimtazama usoni kwa jicho zima, akitafuta uongo. Hakuupata, lakini hakuacha kutafuta.

Pikipiki ilipofika, Laurensia alisema, "Panda, mimi nitakaa nyuma yako."

"Tangulia wewe. Nataka nikuone."

"Haya, nione." Laurensia alipanda.

"Na kahawa?" Evaresta aliuliza.

"Funika. Iliyobaki tutachagua kesho."