Msomaji Mmoja wa Pande

Msinipe pole. Pole apewe Biasha, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyelala humo wodini. Mimi niko nje kwenye benchi, na kandambili nilizovaa sijui hata ni za nani.

Naitwa Mboni, nakaa Rasbura, Lindi. Kazi yangu ni tovuti ya shirika letu la kliniki ya mkoba, lile gari linalozunguka vijijini kupima wajawazito na watoto. Kila kijiji kilikuwa na ukurasa wake wenye tarehe za gari, maana tarehe hubadilika kila mwezi. Na tulikuwa na mita. Ndivyo tulivyokiita kile chombo cha kuhesabu wasomaji wa tovuti. Mita ikisema mia mbili tunashangilia, ikisema sita tunanuna. Kingine cha kutupa habari hatukuwa nacho, wala hatukukitafuta.

Ukurasa wa Pande ulionyesha msomaji mmoja. Miezi minane, mmoja tu. Kwenye kikao nikasema tuufute, tunajisumbua bure. Dominick, dereva wa gari, akasema, "Mbona Pande nikifika nawakuta kina mama wameshapanga foleni? Pigeni hata simu muulize."

Nikamjibu, tena kwa nyodo, "Kaka, wewe endesha gari. Mita naisoma mimi." Watu wakacheka. Ukurasa nikaufuta siku hiyo hiyo, roho kwatu.

Huyo mmoja alikuwa Mzee Yassin mwenye duka la Pande, kijijini kwa Biasha. Nimelijua hilo leo asubuhi, nilipompigia kuuliza Biasha kapatwa na nini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akanieleza taratibu, bila hasira, na afadhali angenitukana. Kila mwezi alikuwa akifungua ukurasa wetu, anaandika tarehe kwa kalamu nene ubavuni mwa boksi la sabuni, analitundika mlangoni pa duka. Kijiji kizima kilisoma hapo, na wasiojua kusoma walisomewa. Mwezi huu ukurasa ukagoma kufunguka.

"Nikajua ni mtandao tu, mama," akasema. "Nikaliacha boksi la mwezi uliopita."

Boksi la mwezi uliopita lilisema Jumanne ya pili ya mwezi. Mwezi huu gari lilikuja Jumatatu, siku moja kabla, Dominick akakuta wanawake watatu, akasubiri, akaondoka. Biasha anakaa shambani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwezi uliopita nesi alimwambia presha imepanda, asikose kurudi. Hakukosa. Jumanne alikuja na miguu yake iliyovimba, akakuta uwanja mtupu, akageuza. Juzi kikamshika kifafa cha mimba. Wakamleta hapa hospitali hajitambui.

Nilitaka kumuuliza Mzee Yassin kwa nini hakupiga simu. Nikajiona sina haya. Mimi nilipiga simu kwa nani?

Nesi Lusia akatoka saa nne. "Mtoto hatukumuwahi," akasema. "Mama tunampigania. Akizinduka asiambiwe kwanza, presha itaruka tena."

Nikalia mpaka mama mmoja akanivuta kanga akanikalisha. Nikamwomba Mungu, ya Rabi, niachie huyu mmoja, nitafanya lolote. Kisha nikaona aibu kumwomba.

Alasiri wakaniruhusu kuingia. Biasha alikuwa amefumbua macho, uso umevimba, midomo imekauka. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto.

"Dada," akasema. "Umekuja mwenyewe."

"Nimekuja."

"Mtoto wamemweka wapi?"

"Manesi wanaye," nikasema.

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Jumanne ile nilichelewa mimi, dada. Nesi aliniambia nisikose, nikazembea," akasema. "Hebu angalia kwenye simu yako gari litakuja Pande lini. La kumpima mtoto uzito nisichelewe."