Kibao cha Jabez

Jabez Tuckett alifariki asubuhi, meli ikiwa imekwisha kutia nanga na ufuo wa koloni jipya la Mto Swan ukionekana kwa macho. Miezi mitano alivumilia tumbo la kuhara, nyama ya chumvi yenye funza na maji yanayonuka, akaja kushindwa na nusu siku tu. Mkewe, Kezia, alimshika mkono mpaka ukapoa. Kisha akaanza kumwogopa fundi wa kushona matanga ya meli.

Alishawahi kumwona kazini. Mtoto wa watu wa kitanda cha pili alipokufa njiani, fundi yule alimshona ndani ya turubai, na mshono wa mwisho akaupitisha puani mwa maiti, ndiyo desturi ya mabaharia, kuhakikisha kwamba aliyekufa amekufa kweli. Halafu wakamtupa majini. Kezia alizaliwa shambani. Kwao maiti hulazwa udongoni, jina lake likasimama juu yake, na mkewe akapeleka maua Jumapili. Tangu siku ile aliomba kwamba, kama ni kufa, wafie nchi kavu.

Bwana Ravenhill, aliyewafunga yeye na mumewe kwa mkataba mmoja wa miaka mitano, alikuja akapiga magoti kando ya maiti. Huzuni alikuwa nayo, ila haikuwa ya Jabez. Serikali iliahidi kumpa kila bwana eka mia mbili kwa kila mtumishi mzima atakayemfikisha ufukoni akiwa hai.

“Kezia,” alisema kwa upole, “unataka atupwe baharini?”

“Hapana, Bwana.”

“Basi ni mgonjwa. Tutamshusha kwa machela, tumfunike uso jua lisimchome. Karani akiuliza, amelala. Nitamzika nchi kavu, na siku nikikabidhiwa ardhi yangu, kibao chenye jina lake nitakipigilia kwa mkono wangu.”

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ufukoni karani wa kuhesabu watu alimpa Kezia Biblia, naye akaapa kwamba mumewe yu hai. Karani aliogopa maradhi, blanketi hakuligusa. Adhuhuri ile, wenzao wakiwa wanashusha mapipa, Bwana na msimamizi wake walimfukia Jabez nyuma ya vilima vya mchanga, pasipo sala wala alama. Alama, Bwana alisema, ingoje kwanza. Mtu akijulikana amekufa kabla ardhi haijapimwa, eka zake zitakatwa. Waliomuulizia Jabez waliambiwa ametumwa bara.

Kungoja huko kulimaliza karibu mwaka mzima. Wapima ardhi hawakuja, na watu walikaa kwenye mahema palepale ufukoni, wakipanda ngano kwenye mchanga na kushangaa haioti. Kinanda cha Bibi Ravenhill kilisimama chini ya turubai kikivimba kwa mvua. Fizi zilivimba pia, meno yakalegea, na karibu kila mwezi mtu mwingine alipelekwa nyuma ya vilima. Wenyeji wa nchi walipita na samaki wabichi na majani mabichi, wanene wa afya, nasi walowezi tukawaita washenzi huku tukichemsha nguruwe wa chumvi. Ujinga wetu mwaka ule ulikuwa na kiburi, na kiburi kile kiliua watu. Kila Kezia alipouliza habari ya kibao, Bwana alimwambia asubiri.

Hatimaye ikatoka habari kwamba mkaguzi anakuja kuhesabu watumishi kabla ya kutia sahihi hati za ardhi. Kezia alikuwa anakamua mashati na Dorcas, mfuaji mwenzake, Dorcas alipomtazama kwa jicho la pembeni.

“Mwenzangu, mbona hukuniambia mumeo ametoroka?”

“Nani?”

“Jabez. Bwana amebandika tangazo pale stoo. Atakayemwona amkamate. Na wanasema mkataba wenu ni mmoja, kwa hiyo miaka yake mitano utaitumikia wewe, juu ya yako.”

Kezia alicheka, kicheko kibaya. Miaka ilimuuma, lakini jina lilimuuma zaidi. Jabez hakuwahi kukimbia hata mvua, leo ametundikwa ukutani kama mwizi wa mbuzi. Aliacha mashati akaenda nyuma ya vilima. Upepo ulikuwa umesawazisha kila kitu. Makaburi kumi na mawili, wala hakuweza kusema lipi ni lake.

Akaenda kwa hakimu hata hivyo. Bwana Ravenhill alimnong'oneza mlangoni mwa hema kwamba akinyamaza atampunguzia miaka miwili. Kezia akampita.

“Uliapa kwamba yu hai,” hakimu alisema. “Sasa unasema alikuwa maiti. Ama mumeo ni mtoro, ama wewe ni mwongo. Chagua.”

“Mimi ni mwongo, mheshimiwa. Andika kwamba amekufa. Andika na siku yenyewe.”

Hakimu akaandika. Bwana Ravenhill akaapa kwamba mwanamke huyu alimdanganya hata yeye, na hakimu, aliyekuwa akila mezani kwake, akaamini, akaamuru aliyedanganywa asikatwe eka. Njia ya mwongo ni fupi, wasema watu. Ya Bwana iliishia kwenye eka mia mbili, na eka zikabaki zake.

Kezia alihukumiwa miezi sita. Gereza halikuwa limejengwa bado, hivyo wafungwa waliwekwa ndani ya meli iliyovunjikia mwambani. Yeye aliyeikimbia bahari alilala tumboni mwake, akiisikia ikigonga mbao chini ya mgongo wake.

Jumapili ya tatu Dorcas alikuja kwa mashua, na mkate.

“Kibao tumekiweka,” alisema. “Ni ubao wa sanduku la kile kinanda. Jina lake na mwaka, vyote vimo. Lakini sikufichi, mwenzangu. Pale hatukujua yeye ni yupi.”

“Mkakiweka wapi?”

“Katikati.”

Kezia aliuweka mkate magotini. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja.

“Hao wengine nao hawana vyao,” alisema. “Katikati panatosha.”