Simu Iliyomkataa Nzilani

Simu ilifika Mukuyuni siku ya Jumatatu ikiwa imefungwa ndani ya soksi mpya, na kufikia Jumatano ilikuwa imemtii kila mtu isipokuwa mwenye simu.

Musyoka, mwana wa mjane Nzilani, ndiye aliyeituma kutoka Mombasa. Ilikuwa kioo kitupu kutoka juu hadi chini, haina hata kitufe kimoja cha kubonyeza. Nzilani aliigusa kwa kidole cha shahada. Kimya. Akajaribu dole gumba. Kimya. Akaifinya kama mtu anayepima embe kama limeiva. Kimya vilevile. Jirani yake Ndululu akaja, akapitisha kidole mara moja tu, na picha zikajipanga zenyewe. Mke wa mchungaji naye akaigusa, ikafunguka. Alhamisi Nzilani aliiacha juu ya mkeka, kifaranga akapita juu yake, na alipoiokota alikuta kifaranga amejipiga picha mbili za tumbo.

"Kifaranga!" alimwambia Ndululu. "Amezaliwa juzi, na simu inamsikiza. Mimi niko na miaka hamsini na nane!"

Ndululu alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupeleka vyondo, vikapu vyake vya katani, mjini Sultan Hamud, kwa mama anayemuuzia. Alipomaliza, alivuka barabara hadi kwenye kibanda cha kutengeneza simu cha mzee Githaiga, mgane aliyehamia huko kutoka Nyeri zamani za redio za betri. Watu walimwita Baba Wanjiro. Alikuwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso.

"Hii simu imenikataa," Nzilani alisema, akaiweka mezani kama anayemshtaki mtoto kwa mwalimu.

Githaiga aliipapasa. Ikawaka, ikaimba, ikafanya yote. Akanyoosha mkono wake na kusema, "Hebu nione vidole, Mama Musyoka."

Nzilani alivitoa kwa aibu. Miaka arobaini ya kusokota katani ilikuwa imevilainisha na kuvikausha hadi vikang'aa kama mpini wa jembe. Githaiga alivigeuza kimoja kimoja chini ya taa yake.

"Simu si mbovu," alisema. "Hiki kioo kinatafuta unyevu kidogo wa ngozi, na wewe wako umeuacha kwa vyondo. Lakini ngoja." Akaingia ndani kabisa ya simu, mahali ambapo hata Ndululu hakuwa amefika. "Hapa kuna kitu cha kuongeza usikivu. Wametengenezea watu wa nchi za baridi, wale wanavaa glavu."

"Mimi sina glavu."

"Uko nayo. Kazi ndiyo imekuvalisha."

Kisha akamwambia apulizie kidole chake pumzi kidogo, haa, kama anayesafisha miwani, halafu aguse. Nzilani akapuliza. Akagusa. Simu ikafunguka.

Alipiga kelele hata kuku wa jirani wakaruka. Akafunga, akafungua. Akafunga, akafungua. Githaiga alimkuzia herufi zikawa kubwa kama za bango la mkutano wa injili, akamwonyesha tochi, akamwonyesha kipaza sauti kidogo cha kushikilia wakati wa kutuma maneno bila kuandika, na mwisho akaweka namba yake mwenyewe humo, ati kama kutatokea shida. Nzilani alirudi nyumbani akipuliza vidole njia nzima.

Siku tatu zilizofuata hakuna kitu Mukuyuni kilichobaki bila kupigwa picha. Alipiga mbuzi, tangi la maji, kwaya ya akina mama ikiimba na ikinywa chai. Alipanua picha ya Ndululu kwa vidole viwili hadi ikabaki pua tupu, akacheka peke yake jikoni. Alijaribu kuiambia simu iandike mwaliko wa mkutano wa kikundi: "Tukutane kwa Mbuvi saa nane." Ikaandika, "Tukutane kwa mbuzi sana." Akina mama kumi na wawili wakajibu kwamba watafika.

Jumanne alasiri alikaa uani amtumie dada yake Kanini, anayefuga mbuzi kule Tseikuru, habari za ndani. Alishikilia kile kipaza sauti, akasema yaliyomjaa moyoni.

"Kanini, nikuambie kitu, usiambie mtu. Huyo mzee wa simu, Baba Wanjiro, ako na mikono ya upole kama anashika mayai. Na anacheka vizuri. Na meno yake, Kanini, yote ni yake! Nikipata shida nyingine ya simu nitafurahi."

Akaachilia. Maneno yakaruka. Ndipo alipoona jina lililoandikwa juu, kwa zile herufi kubwa kama za bango: GITHAIGA SIMU.

Alikumbuka kwamba kuna njia ya kufuta, lakini sasa vidole vilikuwa vimelowa jasho la hofu, chepechepe, na kioo kikawa kinaruka huku na huku kama panzi. Akafungua tochi. Akafungua kalenda. Akavifuta vidole kwenye leso, vikakauka, simu ikamkataa tena. Alama mbili kando ya ujumbe zikageuka buluu.

"Mungu wangu, anasikiza!"

Akajaribu kiwiko. Akajaribu kifundo cha kidole. Mwisho akainama na kugusa kwa pua, na simu ikaanza kulia. Kabla hajajua kwamba pua imepiga simu ya video, uso wa Githaiga ukajaa kioo kizima, miwani yote miwili mahali pake.

"Mama Musyoka," alisema kwa utulivu. "Hiyo ninaona ni pua?"

Nzilani alirudisha kichwa nyuma. Alitaka ardhi impokee, lakini kicheko kikamtangulia, kikamtoka kwa mbwembwe hata machozi yakamlengalenga. Githaiga naye alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Nimesikiliza mara tatu," alikiri. "Mara ya kwanza nilidhani ni makosa. Mara ya pili nilitumaini si makosa. Lakini kuna kitu lazima nikueleze ukweli."

"Nini?"

"Meno. Mawili ya huku nyuma ni ya daktari."

Akafungua mdomo na kusogeza simu ili aone. Nzilani aliyakagua vizuri, kwa makini, kama anavyokagua mshono wa kiondo.

"Yamekaa vizuri," alisema. "Siwezi kukosana na mtu kwa meno mawili."

"Basi Jumamosi nije nikusalimie huko kwako?"

"Kuja."

Jumamosi alikuja amevaa koti, saa nne unusu asubuhi, wakati kila mtu wa sokoni ana macho. Ndululu alikuja kuomba chumvi mara tatu. Nzilani alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na kunde, na Githaiga alikula sahani mbili, akaomba nusu nyingine, akaomba aonyeshwe jinsi katani inavyosokotwa. Alivuruga nyuzi kabisa. Walikaa uani wakizifumua pamoja, magoti yakikaribiana, mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba.

Wakati wa kuondoka alisimama langoni akifunga vifungo vya koti, akifungua, akifunga.

"Basi nitarudi Jumamosi ijayo," alisema.

Nzilani alihesabu siku kimyakimya, zikamwonekea nyingi mno.

"Jumamosi ni mbali, Githaiga," alisema. "Kuja Jumatano."