Meno ya Bi Mwanya

Bi Mwanya alikuwa fundi cherehani, na mumewe alikuwa na utani mmoja tu, na hakuuchoka: "Mke wangu ameshashika mikono ya askari wa zimamoto wote wa nchi hii, na mimi nimenyamaza."

Wateja walicheka, lakini ilikuwa kweli tupu. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya moto wa soko ilipokaribia, Bi Mwanya alijitolea kushona sare za zimamoto bure, kwa sharti moja: kila mtu apimwe mkono mtupu, shati limekunjwa. Fundi gani anapima hivyo? Fundi anayetafuta alama ya meno yake mwenyewe.

Alikuwa na miaka tisa soko la vitambaa lilipoungua. Nchi nzima ililia, bendera zikapepea nusu mlingoti, redio zikaacha muziki. Siku ile yeye alikuwa amejibanza na mama yake mdogo chini ya meza ya mashuka, mara moshini likatokea zimwi lenye macho ya kioo na pua ya mpira. Likavua koti, likamfunika, likamnyanyua. Naye, kwa akili zake zote za miaka tisa, akasema moyoni: kabla halijanila, ngoja nianze mimi. Akazamisha meno mkononi. Zimwi halikumwachia. Lilikimbia naye hadi nje, likamweka chini, na hapo hapo paa likaporomoka. Mama mdogo hakutoka.

Tangu alipojua kwamba zimwi lile lilikuwa askari wa zimamoto mwenye barakoa, alitaka jambo moja tu: kumwambia mtu yule asante kabla mmoja wao hajafumba macho.

Mwaka huu wakubwa wa zimamoto wakaamua wastaafu nao washonewe sare, wapangwe mstari wa mbele wa gwaride. Bi Mwanya akapima wazee mpaka futi ikachoka. Wapi! Makovu ya moto tele, meno hakuna. Akabaki mmoja, mrefu, mbishi kuliko punda.

"Pima juu ya shati," akaamuru.

"Baba, mimi sipimi shati, napima mtu."

"Basi kadiria. Fundi wangu miaka yote anakadiria."

"Ndiyo maana umevaa gunia."

Mume akapaliwa na chai kwenye kona. Mzee mwenyewe akacheka, na mbishi akishacheka ameshashindwa. Akafungua kifungo, akakunja shati polepole, uso ameugeuzia ukutani.

Yalikuwepo. Vidoa vimejipanga nusu duara, na katikati mwanya. Futi ikamdondoka Bi Mwanya.

"Nani alikung'ata, baba?"

Mzee akavuta kiti, akaketi. "Mtoto. Siku ya soko. Nilimtoa yeye, nikamwacha mama yake ndani. Aling'ata ili nirudi, fundi. Nikageuka nirudi, paa likashuka. Sivai mikono mifupi tangu siku hiyo. Sitaki kuulizwa."

Loo! Huyu anatafuta miaka yote amshukuru, na mwenzake miaka hiyo hiyo anajificha. Bi Mwanya alilia waziwazi, bila aibu.

"Baba, nitazame." Akafungua kinywa, mwanya wote nje.

Mzee akatazama meno, akatazama mkono, akarudi kwenye meno.

"Hakuwa mama, alikuwa mama mdogo," Bi Mwanya akasema. "Mguu wake ulibanwa. Yeye ndiye aliyenisukuma mikononi mwako, akasema, mchukue huyu. Utasikiaje na lile dude usoni? Wala sikukung'ata ili urudi. Nilidhani wewe ni zimwi, unakuja kunila!"

"Zimwi?"

"Ulikuwa unatisha, baba! Asante. Nimechelewa, lakini asante."

Mzee alilia kwanza, kisha akacheka, kisha akavifanya vyote pamoja. Mume akaiacha chai yake, akainuka. Alimletea maji.

"Zimwi," mzee akarudia, akijifuta uso. "Haya, fundi. Nikatie mikono mifupi."

Siku ya kumbukumbu mkuu wa zimamoto alifoka: sare ni mikono mirefu, nani kaharibu hii? Mzee akamwambia apeleke malalamiko kwa fundi. Tarumbeta ikalia. Majina ya waliokufa yakasomwa, na lilipofika la mama mdogo, mzee akamgeukia Bi Mwanya, akapiga saluti, mkono mtupu, alama zote hadharani. Bi Mwanya, machozi yakimtiririka, akatabasamu, akamjibu kwa meno.