Lori la Siku ya Wageni

Wageni wakitangazwa gerezani, hata mawe ya njiani hupakwa chokaa. Wiki ile tume ya serikali ilipotarajiwa, wafungwa walipiga deki mpaka mikono ikachubuka, na kuta za mabweni zikapakwa rangi hadi usawa wa macho. Juu ya hapo mkuu wa gereza aliona ni kupoteza rangi bure, kwa vile wakubwa hawana kawaida ya kutazama juu. Kila mtu akapewa kipande cha sabuni kikiwa ndani ya karatasi yake, pamoja na onyo kwamba ole wake atakayeifungua. Ilikuwa sabuni ya kuuzia sura, na wageni wakishaondoka ingerudi stoo.

Sabuni ya bweni la nyuma iligawiwa na nyapara. Nyapara ni mfungwa kama wenzake, ila askari wamemweka juu yao awapange mistari, awaamshe na asimamie usafi. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mrefu, asiye na kiherehere, na miaka ya ndani ilikuwa imemfundisha wakati wa kuona na wakati wa kujifanya kipofu. Lakini safari hii alikuwa na neno lake rohoni, na neno lenyewe lilimhusu fundi wa saa.

Fundi alikuwa mzee, na wala hakuwa mfungwa. Alikuwa mahabusu, kesi yake haijawahi kusikilizwa. Mtu alimpelekea saa aitengeneze, kumbe ni ya wizi, polisi wakaikuta mezani kwake wakamkamata yeye. Mwenye saa alishaipata, mwizi alishatoka kwa dhamana, na fundi ndiye aliyebaki ndani akiwatengenezea askari saa zao kwa sindano na subira. Sasa miguu ilikuwa imemvimba mpaka magotini. Akilala chali pumzi ilikata, kwa hiyo alilala ameketi, mgongo wake umeegemea mgongo wa nyapara. Tabibu wa gereza alisema ni moyo, apelekwe hospitali kubwa haraka. Jibu likawa lile lile la kila siku, gari halina mafuta.

"Tume ikija nitasema, mzee," nyapara alimwambia.

"Utasema nini, mwanangu?"

"Nitasema unakufa humu ndani."

"Usiseme nakufa, watadhani unatia chumvi. Sema naumwa."

Shida ilikuwa kwamba siku ya wageni wagonjwa hawakuwahi kuonekana. Walipakiwa kwenye lori la kuni, likafunikwa turubai, likazungushwa huko barabarani mpaka wageni waage. Wafungwa waliuita mzunguko huo matembezi. Kila mtu alijua, na kazi ya kupakia ilikuwa ya wanyapara, maana askari hawakupenda kushika watu wenye vidonda.

Asubuhi ya tume, lori likarudi nyuma hadi mlangoni mwa bweni. Nyapara alisimama mbele ya mzee kama mtu aliyekwisha kuamua kupigwa. Afande wa zamu, mnene mmoja aliyependa utani, akamshika bega.

"Acha wasiwasi, mkubwa. Leo ni hospitali ya kweli. Mkuu kasema tume isije ikatulaumu bure. Hebu ona, hata godoro tumemtandikia."

Nyapara akachungulia. Kweli, kulikuwa na godoro la buluu, kona yake moja imetafunwa na panya. Matembezi hayakuwahi kuwa na godoro. Moyo wake, uliokuwa umejifunza kutoamini chochote, ukalainika kwa sponji na kitambaa, maskini. Akamnyanyua mzee kwa mikono yake, akamlaza taratibu na kumfunika miguu.

"Ukifika uwaambie hulali chali," alimwambia.

"Nitawaambia. Na wewe usisahau kusema."

"Sasa niseme nini tena? Si unakwenda!"

Tume ilifika jua likiwa limeshapanda sana. Mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu, mama mwenye mvi na sauti ya upole, na tuseme ukweli, alikuwa mtu mwema. Alisalimia kila mstari. Alionja mboga, ambayo siku hiyo ilikuwa na nyama. Alipoingia bweni la nyuma aligusa ukuta, akapaka kidole chake rangi mbichi, akatabasamu.

Nyapara alikuwa amesimama wima karibu na mlango. Macho yake yakaenda pale alipozoea kukaa fundi. Palikuwa pametandikwa godoro la buluu, na kona yake moja ilikuwa imetafunwa na panya.

Walitolewa uani, wakachuchumaa kwa mistari. Mwenyekiti akawaomba askari wasogee mbali, nao wakasogea hatua chache, za heshima tu.

"Semeni chochote," akasema. "Hakuna atakayewagusa. Nawaahidi mimi mwenyewe."

Mtu alikohoa, akajuta. Nyapara akasimama.

"Mama, kuna mgonjwa amefichwa. Fundi wa saa. Moyo unamsumbua. Yuko kwenye lori, wanamzungusha mpaka nyinyi mwondoke."

Minong'ono ikapita kwenye mistari. Mwenyekiti akamgeukia mkuu wa gereza, na mkuu wala hakutoka jasho.

"Ni kweli yuko kwenye lori, mheshimiwa. Tumempeleka hospitali asubuhi hii. Gari la wagonjwa hatuna, na ndiyo shida tunayoililia kila mwaka."

"Uongo!" nyapara akasema. "Godoro alilolazwa liko ndani. Nimeliona sasa hivi."

"Magodoro ya serikali yanafanana yote, mheshimiwa."

Mwenyekiti akanyoosha mkono kutuliza watu. Akamwangalia nyapara kwa makini, kama alivyowaangalia mashahidi maisha yake yote.

"Ndugu yangu, nani alimpakia huyo mzee?"

"Mimi, mama."

"Wakati unampakia, uliambiwa anapelekwa wapi?"

Hapo nyapara aliona shimo na jinsi alivyolichimba mwenyewe. Angeweza kusema uongo. Lakini alikuwa amesubiri miezi mingi kumwambia mtu ukweli, na ukweli ndio pekee aliokuja nao.

"Hospitali," akasema.

"Na uliamini?"

"Niliamini, mama."

"Umeliona lori likienda kwingine?"

"Nitalionaje? Niko humu ndani."

Wajumbe wawili wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenyekiti akasema basi waende hospitali wakamwone mgonjwa. Mkuu akajibu karibuni sana, hata sasa hivi. Katibu wa tume akainama sikioni mwa mama, akamkumbusha gereza la pili, ubovu wa barabara, na wanahabari wanaosubiri. Mama akatazama chini. Aliona haya, ilionekana wazi, lakini haya haikumzuia kufunga mkoba wake.

"Tutapendekeza gereza hili lipewe gari la wagonjwa," akatangaza. "Nawe, asante kwa kusema."

Wakapigiwa makofi. Mkuu alipiga kuliko wote.

Magari ya tume yalipopotea, sabuni zilikusanywa, na lori likaingia. Nyapara alipanda bila kuitwa. Mzee alikuwa chini kwenye mbao, kati ya maganda ya kuni, midomo imekauka. Askari walikuwa wamemtoa juu ya godoro asubuhi ile, kabla hata lori halijatoka getini.

"Umesema?" akauliza.

"Nimesema, mzee."

"Wakakusikia?"

"Wamenisikia. Wamesema uko hospitali."

Mzee alilitazama turubai lenye matundu juu yake. Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu.

"Basi hapo hospitali waniketishe," akasema. "Hawajui kwamba silali chali."

Nyapara akamketisha, akageuka, akambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi mno kwa mtu aliyevimba vile. Afande mnene alikuwa akipiga kelele watu waharakishe, na nyapara hakuharakisha. Kabla hawajafika mlangoni mwa bweni, ile pumzi iliyokuwa ikimpiga shingoni ilikoma. Aliendelea kutembea hata hivyo, kwa sababu hakujua asimame wapi.

Taarifa ya gereza ilisema fundi alifia hospitali. Tume haikuuliza kitu, kwani ilishajua kwamba alikuwa huko, na nyapara mwenyewe ndiye aliyeithibitishia.